Rust Ndani ya Linux: Ugomvi Uko Wapi Hasa?

Mnamo Desemba 2025 wasimamizi wakuu wa mfumo wa kompyuta wa Linux walikutana mjini Tokyo na kukubaliana kwamba Rust, lugha ya kuandikia programu ambayo kwa miaka mitatu ilikuwa ikiwekwa ndani ya mfumo huo kwa majaribio, sasa si ya majaribio tena. Habari ilipofika huku kwetu Lamu ilikuwa imekwisha kutiwa chumvi. Kwenye vibanda vya mafundi simu vya njia kuu inasemwa kwamba Linux yote inaandikwa upya na simu za zamani zitazimika. Vijana wanaosomea kompyuta wanaambiana kwamba C, lugha kongwe ambayo Linux imeandikwa kwayo, imepigwa marufuku, na aliyekuwa akijifunza amepoteza wakati wake. Wengine wanadai kwamba yote haya ni ugomvi tu kati ya wazee wasiotaka kujifunza na vijana wasio na adabu. Madai mawili ya kwanza si ya kweli. La tatu lina chembe ya ukweli, lakini linaficha jambo lenyewe: watu hao hawagombani sana juu ya lugha ipi ni bora, bali juu ya nani atakayebeba kazi ya kuziunganisha lugha mbili na kuutunza muungano huo kwa miaka mingi ijayo.

Tuanze na maana za maneno. Mfumo endeshi ni programu kuu inayosimama baina ya vifaa vya kompyuta au simu na programu nyingine zote. Sehemu yake ya ndani kabisa huitwa kerneli. Hiyo ndiyo inayogawa kumbukumbu, inayopanga zamu za kutumia prosesa, na inayozungumza na skrini, kamera na mtandao. Kila kifaa kina kipande cha programu kinachojua kukiendesha, na kipande hicho huitwa draiva. Linux, kwa maana yake halisi, ni kerneli. Aliianzisha Linus Torvalds mwaka 1991 alipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, na ni programu huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuunakili na kupendekeza marekebisho. Wengi wetu tunaitumia bila kujua, kwa kuwa simu zote za Android zimejengwa juu yake. Nahodha anayetazama hali ya upepo kwenye simu kabla ya kuondoka Mokowe, na abiria anayemlipa nauli kwa M-Pesa, wote wanaitegemea ikiwa simu zao ni za aina hiyo.

Msimbo wa Linux umeandikwa karibu wote kwa lugha ya C, iliyotungwa na Dennis Ritchie katika maabara za Bell nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mtu huandika maagizo kwa C, kisha programu nyingine iitwayo kompaila huyageuza kuwa maagizo ambayo prosesa inaweza kuyatekeleza. Inafaa kukumbuka kwamba C nayo iliwahi kuwa mgeni. Kerneli ya Unix iliandikwa upya kwa C mwaka 1973, wakati ambapo desturi ilikuwa kuandika mifumo endeshi kwa asembli, lugha iliyofungamana na prosesa ya aina moja tu, na wako waliodhani kwamba jambo hilo haliwezekani. Sifa kubwa ya C ni kwamba haimwingilii mwandishi: inamkabidhi kumbukumbu yote ya kompyuta na kumwachia aamue mwenyewe. Ubaya wake ni huohuo.

Ili kuona ubaya huo unavyotokea, chukua nyumba ya mawe ya Mkomani ambayo mwenyewe ameigeuza kuwa nyumba ya wageni. Vyumba ndivyo kumbukumbu, wageni ndio sehemu mbalimbali za programu, na ufunguo ni anwani ya chumba, ambayo waandishi wa C huiita pointa. Katika nyumba inayoendeshwa kwa desturi ya C hakuna msimamizi anayekaa dakani. Mgeni huchukua ufunguo, hukaa, na anatarajiwa kuurudisha anapoondoka. Wote wakiwa waangalifu, mambo huenda vizuri. Lakini mgeni anaweza kuondoka asubuhi na ufunguo mfukoni, chumba kikapewa mtu mwingine mchana, naye yule wa kwanza akarudi usiku, akafungua na kuanza kupanga vitu vyake juu ya vya mwenzake. Anaweza kupewa vyumba vinne akafungua na mlango wa tano. Anaweza kuandikwa mara mbili kwamba ameondoka, kitabu cha wageni kikahesabu vyumba viwili vitupu kumbe ni kimoja. Na wageni wawili wanaweza kuwa ndani ya chumba kimoja kwa wakati mmoja, mmoja akisoma barua iliyo mezani huku mwenzake akiibadilisha maneno. Prosesa haijui kwamba lolote kati ya hayo ni kosa, kwani kazi yake ni kufungua mlango ilioagizwa kuufungua. Matokeo huwa ni simu kuzimika ghafla, au data kuharibika kimyakimya, au, baya zaidi, mhalifu kuugundua mlango ule wa tano na kuutumia kuingilia.

Hayo si mambo ya kudhania. Tarehe 19 Julai 2024 kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 zilianguka duniani kote, safari za ndege zikakwama na baadhi ya hospitali zikarudi kuandika kwenye karatasi, baada ya kampuni ya usalama ya CrowdStrike kusambaza faili lenye kasoro. Programu yake ilitarajia kupokea thamani 21, ikapewa 20, ikaenda kuisoma ya 21 mahali ambapo haikuwepo. Kwa kuwa ilikuwa ikifanya kazi ndani ya kerneli, ilianguka pamoja na kompyuta nzima. Kerneli hiyo haikuwa Linux, lakini kosa lenyewe ni la mlango wa tano. Microsoft ilieleza mwaka 2019 kwamba takriban asilimia 70 ya matundu ya usalama inayoyatangaza kila mwaka yanatokana na makosa ya kumbukumbu, na mwaka uliofuata wahandisi wa kivinjari cha Chrome wakatoa hesabu kama hiyo kwa matundu yao makubwa. Watu hao si wanagenzi. Baadhi yao wameandika C kwa miongo mitatu. Kwa hiyo anayesema kwamba dawa ni kuwa makini zaidi anapendekeza kitu ambacho maelfu ya watu makini wamekijaribu kwa nusu karne bila kufanikiwa.

Rust ilianza mwaka 2006 kama kazi ya binafsi ya Graydon Hoare, aliyekuwa mfanyakazi wa Mozilla. Baadaye kampuni hiyo ikaifadhili, na toleo lake la kwanza lililokamilika likatoka Mei 2015. Kanuni yake kuu ni kwamba kila kipande cha kumbukumbu kina mmiliki mmoja tu. Mmiliki anaweza kukiazimisha, lakini kwa masharti: ama wasomaji wengi wasiobadilisha kitu, ama mbadilishaji mmoja aliye peke yake, na kila aliyeazima lazima amalize kabla mmiliki hajaondoka. Nyumba yetu sasa imepata msimamizi, na msimamizi huyu hafanyi kazi usiku wageni wanapofika, bali hukaa na ramani ya nyumba kabla haijafunguliwa. Kompaila ya Rust huufuata msimbo wote, na ikiona njia hata moja ambayo ufunguo ungeweza kutumika baada ya chumba kurudishwa, hukataa kuutafsiri. Haikatai kimya: huonyesha mstari ambapo kitu kiliazimwa, mstari ambapo mmiliki wake aliondoka, na mstari wa chini zaidi ambapo aliyeazima anajaribu kukitumia tena. Kila aliyewahi kujifunza Rust anaikumbuka wiki ya kwanza ya kukataliwa, na wengi huishia hapo.

Kwa kuwa sehemu kubwa ya ukaguzi huo hufanyika mapema, dai kwamba Rust hupunguza kasi ya mashine halina uzito mkubwa. Lugha hii haihitaji mfagiaji wa kumbukumbu anayesimamisha kazi kila mara ili kukusanya vyumba vitupu, kama ilivyo kwa Java. Kinachokaguliwa wakati programu inaendelea ni vitu vichache, kama mipaka ya orodha, na gharama yake kwa kawaida ni ndogo.

Dai la upande wa pili, kwamba Rust haikosei, ni potofu zaidi na linawadhuru hata wapenzi wake. Tarehe 18 Novemba 2025 tovuti nyingi duniani zilikwama kwa saa kadhaa kwa sababu programu ya Cloudflare, kampuni ambayo tovuti hizo hupitishia huduma zao, iliyoandikwa kwa Rust, ilipokea faili kubwa kuliko kikomo kilichowekwa, na mwandishi wake alikuwa ameagiza kwamba hali hiyo ikitokea programu isimame. Hakuna mlango wa tano uliofunguliwa. Programu ilisimama kama ilivyoagizwa, na mtandao ukasimama nayo. Rust haiwezi kumzuia mtu kukosea hesabu ya kodi au kuandika sharti kinyume. Zaidi ya hayo, kerneli inalazimika kugusa vifaa moja kwa moja, jambo ambalo kompaila haiwezi kulikagua, kwa hiyo lugha hii inaruhusu mwandishi kutenga fungu la msimbo na kutangaza kwamba amelikagua mwenyewe. Tundu la kwanza la usalama kupewa nambari rasmi katika msimbo wa Rust wa Linux, lililotangazwa Desemba 2025 katika draiva ya Android iitwayo Binder, lilikuwa ndani ya fungu la namna hiyo hasa. Waliocheka siku hiyo walicheka mapema mno, kwani faida iliyoahidiwa ni kwamba fundi atajua kuta chache za kuzichunguza kwanza, na ndivyo ilivyokuwa.

Ikiwa lugha ina manufaa hayo, ugomvi ni wa nini? Hapa ndipo masimulizi mengi yanapopotea. Katika mji wa mawe nyumba mbili zilizotenganishwa na kichochoro huweza kuunganishwa kwa juu na wikio, chumba kinachovuka njia na kuegemea kuta za pande zote mbili. Tuseme nyumba ya zamani ni ya C, mpya ya jirani ni ya Rust, na wikio ni ule msimbo wa katikati unaoiwezesha Rust kutumia huduma zilizokwisha kujengwa kwa C. Hauepukiki, kwa sababu draiva yoyote mpya inahitaji kuomba kumbukumbu, kusubiri zamu na kuzungumza na vifaa, na huduma zote hizo ziko upande wa pili wa njia.

Sasa, nyumba ya Linux ina desturi yake. Kwa programu za nje imeahidi kwamba milango haitahamishwa, lakini kwa ndani haijaahidi kitu. Msimamizi wa sehemu yoyote anaweza kubadilisha ukuta wake akiona inafaa, kwa sharti moja tu: anayeubadilisha ndiye anayerekebisha vyumba vyote vinavyouegemea, hata vikiwa mia. Sharti hilo ndilo lililoiwezesha kerneli kubadilika kwa zaidi ya miaka 30 bila kulemewa na makosa ya zamani. Lakini likitumika kwenye wikio, msimamizi ambaye hajui Rust atalazimika ama kujifunza lugha ngumu ili kurekebisha kitu ambacho hakukiomba, ama kuuacha ukuta wake jinsi ulivyo milele. Hofu hiyo si ya kizee. Ni swali la haki kabisa kutoka kwa mtu ambaye kesho ataamshwa kwa sababu ya kosa lisilo lake.

Swali hilo lilitoka hadharani mara mbili. Mwezi Mei 2024, katika mkutano wa wataalamu wa mifumo ya kuhifadhi mafaili, Theodore Ts'o, msimamizi wa siku nyingi, aliwaambia wawakilishi wa Rust kwamba hawatawalazimisha watu wote kujifunza lugha yao, na kwamba msimbo wa C utaendelea kubadilika bila kuwasubiri. Aliyekuwa akihutubia, Wedson Almeida Filho, alijiondoa katika kazi hiyo miezi michache baadaye akisema amechoshwa na mambo yasiyo ya kiufundi. Mwanzoni mwa 2025 ikawa zamu ya Christoph Hellwig, aliyesimamia DMA, utaratibu unaowezesha kifaa kusoma na kuandika kumbukumbu bila kupitia prosesa. Waandishi wa Rust walileta wikio la kuutumia utaratibu huo. Hawakuligusa faili lake hata moja, kwani msimbo wao uliwekwa upande wao wa njia, lakini alikataa, akafananisha kuchanganya lugha na saratani inayoenea mwilini. Hector Martin, aliyekuwa akiongoza kazi ya kuifanya Linux iendeshe kompyuta za Apple zenye prosesa za M1 na zilizofuata, aliupeleka ugomvi huo kwenye mitandao ya kijamii, akakaripiwa na Torvalds, naye akajiuzulu.

Uamuzi wa Torvalds wa Februari 2025 unastahili kuelezwa kwa makini kwa sababu hunukuliwa nusunusu na pande zote mbili. Alisema kwamba hakuna msimamizi wa C atakayelazimishwa kushughulika na Rust, na asiyeitaka anaweza kuishi kana kwamba haipo. Lakini haki hiyo ina upande wa pili: asiyetaka kushughulika nayo hana mamlaka ya kuamua nani atautumia msimbo wake akiwa nje ya sehemu yake. Akibadilisha ukuta na wikio likapasuka, wenye Rust watalitengeneza wenyewe. Hellwig aliacha usimamizi wa DMA.

Kwa maoni yangu uamuzi huo ni wa haki, ila unatosha kwa sasa tu. Kama msimbo wa Rust ni kidogo na wanaoutegemea ni wachache, kuwaambia wajitengenezee ni sawa. Draiva za kadi za michoro na za simu zitakapokuwa upande wa Rust, toleo jipya la kerneli halitaweza kutoka huku wikio likiwa limepasuka, na mwenye ukuta atalazimika kusubiri, apende asipende. Hata hivyo Rust imefika mbali kuliko waliotangulia. Lugha ya C++ ilijaribiwa ndani ya Linux mwaka 1992 na ikatolewa upesi, kwa sababu kompaila za wakati ule hazikuaminika na faida yake haikuonekana kuzidi usumbufu wake.

Kuhusu uvumi wa kuandika Linux yote upya, jibu ni fupi: hakuna mpango huo. Kerneli ina zaidi ya mistari milioni 30, na hakuna mwenye watu, fedha wala sababu ya kuitafsiri yote. Kilichokubaliwa, tangu Rust ilipoingizwa rasmi katika toleo la 6.1 la Desemba 2022, ni kuandika vitu vipya tu, hasa draiva. Watu hudhani kwamba hapo faida itakuwa ndogo, lakini uzoefu wa Android unaonyesha vingine. Google iliacha msimbo mwingi wa zamani kama ulivyo, ikaelekeza uandishi mpya kwenye lugha salama, na sehemu ya makosa ya kumbukumbu katika matundu ya usalama ya Android ikashuka kutoka asilimia 76 mwaka 2019 hadi 24 mwaka 2024. Sababu ni kwamba msimbo wa zamani umekwisha kutumiwa na mamilioni ya watu na kasoro zake nyingi zimegunduliwa na kuzibwa, hali ya kuwa kasoro mpya huzaliwa katika msimbo mpya. Kwangu mimi hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote za upande wa Rust, na ni ajabu kwamba haisikiki sana kama ile ya kasi.

Hofu ya vifaa vya zamani ina msingi, lakini si pale inapowekwa. Kompaila ya Rust haifiki kwenye prosesa zote ambazo kompaila za C zinafika. Mmoja wa waandishi wa APT, programu inayosakinisha na kusasisha programu nyingine katika Debian, mmojawapo wa mifumo endeshi iliyojengwa juu ya Linux, alipotangaza mwishoni mwa 2025 kwamba itaanza kuihitaji Rust si kabla ya Mei 2026, waliostuka ni wenye mashine za Alpha, za HP zenye prosesa za PA-RISC, na za Motorola za ukoo wa 68000. Kompyuta za saiba zetu ni za Intel au AMD, na simu ni za Arm, na zote hizo zinahudumiwa na Rust bila shida. Simu ya zamani, kwa kawaida, hubaki na kerneli iliyotoka nayo kiwandani au inayokaribiana nayo. Toleo jipya la Linux haliwezi kuizima kwa sababu haliifikii kamwe. Kinachoiua ni mtengenezaji kuacha kuiletea masasisho, na hilo lilikuwapo kabla ya Rust kuzaliwa.

Kwa mwanafunzi anayeuliza aache C au aendelee, ukweli ni kwamba mistari mingi ya kerneli itabaki C kwa miaka mingi, na hata mwandishi wa draiva ya Rust atalazimika kuusoma upande wa pili wa wikio ili ajue anachokiegemea. Lakini mlango wa kuingilia unaanza kuhama. Dave Airlie, anayesimamia sehemu ya michoro, alisema katika mkutano uleule wa Tokyo kwamba wamebakiza takriban mwaka mmoja kabla ya kukataa draiva mpya zilizoandikwa kwa C. Mwenye kompyuta ya Ubuntu, Debian au Fedora anaweza kujionea mwenyewe hali ilivyo kwake kwa kufungua dirisha la amri na kuandika grep CONFIG_RUST= /boot/config-$(uname -r). Ikijibu CONFIG_RUST=y, kerneli yake imejengwa ikiwa tayari kubeba Rust. Isipojibu kitu, anaendesha C tupu, na mashine yake itaendelea kuwaka kama jana.